Jukwaa Juu ya Duara

Kazi yangu ni kujenga vitu vya kubomoa. Nasimamisha jukwaa Alhamisi, Jumamosi watu wanacheza juu yake, Jumatatu nalipakia kwenye lori, na mahali pale panabaki chupa tupu za maji na vishimo vya miguu ya jukwaa. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, kuanzia hapa Geita mjini ninakoishi, Kalangalala, hadi Kahama na vijiji vyote vya katikati. Harusi, mikutano ya injili, ngoma za baada ya mavuno, kampeni za uchaguzi. Watu hudhani kinachonichosha ni kubeba mbao. Mbao hazichoshi. Kinachochosha ni karatasi.

Jukwaa la siku moja siku hizi lina safari ndefu kuliko posa. Unaanza kwa mtendaji wa kijiji. Kama hayupo, muhuri nao haupo, kwa sababu anatembea nao mfukoni. Ukishampata, unakwenda kata. Ukitoka kata unakwenda polisi, maana watu watakusanyika, na watu wakikusanyika polisi lazima wajue. Kisha halmashauri, dirisha la vibali, ambako unapewa fomu ya ujenzi wa muda na kuambiwa siku saba za kazi. Zimamoto nao wanataka kuiona mitungi ya kuzimia moto kwa macho, si kwa maneno. Mwisho wa yote anakuja mkaguzi kutazama kama ulichoandika ndicho ulichojenga.

Sisemi ni vibaya. Nimewahi kuona jukwaa la mwenzetu mmoja limelala chini na mpiga kinanda bado amekikumbatia kinanda chake. Najua kwa nini wanakagua. Ninachosema ni kwamba nimechoka, na mtu aliyechoka hujaza fomu bila kuisoma vizuri. Hilo nalisema mapema, ingawa si utetezi.

Jukwaa ninalotaka kulisimulia lilikuwa la dada yangu.

Dada ndiye aliyenitangulia kuzaliwa, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Aliolewa Ushetu, akalima tumbaku na mumewe mpaka mume naye akafariki, ndipo akarudi kwenye kijiji chetu, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Geita. Huko amekuwa mwalimu wa kwaya ya kina mama kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wanakwaya wake ni mabinti wa wanakwaya wake wa kwanza. Ni mfupi sana. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, na kila kwaya yao ilipoimba mahali pageni, watu wa nyuma walikuwa wakinyoosha shingo na kuulizana ni nani huyo anayeimba, maana walimsikia na hawakumwona.

Mwaka juzi shingo yake ilianza kuvimba. Alifunga kitenge, akasema ni baridi. Baadaye kitenge hakikutosha. Tukampeleka Mwanza, na daktari akamweleza bila kumficha: hiyo ni tezi, lazima itolewe, na atapona, lakini imeshikana na mahali pa sauti. Sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Akapangiwa kulazwa siku ya Jumatatu, wiki chache mbele.

Kwaya yake ilikuwa imesharekodi nyimbo Kahama, ikabaki kuzizindua. Dada akaomba uzinduzi uwe Jumamosi, siku mbili kabla ya hospitali. Akatunga na wimbo mpya wa shukrani ambao haumo kwenye zile zilizorekodiwa, wa kuimbwa siku hiyo tu. Kisha akanipigia simu.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi sijawahi kusimama juu ya kitu. Nataka jukwaa. Nataka yule wa nyuma kabisa anione, mara moja tu, kabla hawajanikata shingo."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nisemeje sasa? Si wanakata shingo?" Akacheka kwa sauti ile ile, nikalazimika kuisogeza simu mbali na sikio.

Nikamwahidi jukwaa refu kuliko yote niliyowahi kujenga kijijini. Nilimaanisha.

Uwanja wa kanisa lao ni mdogo, kwa hiyo wazee wa kanisa wakachagua kiwanja kilicho nyuma ya ghala la zamani la pamba. Waliponitajia mahali hapo nikasema sawa. Kiwanja kile nilikuwa nakijua kuliko wao. Kabla hakijawa kiwanja, kilikuwa machimbo.

Nilikuwa mchimbaji kabla ya kuwa fundi, kama wanaume wengi wa rika langu huku kwetu. Dhahabu ilisikika pale, watu wakamiminika, na kwa miezi kadhaa palikuwa na vibanda, wapishi, redio na vumbi. Mimi na mwenzangu mmoja tulichimba duara letu. Duara ni shimo la kushuka wima, jembamba mdomoni, na ndani linazuiwa kwa magogo tunayoyaita matimba ili kuta zisianguke. Matimba yetu niliyakata na kuyapanga mwenyewe. Ufundi wa mbao niliujifunzia humo, chini ya ardhi, kwa tochi ya kichwani.

Tulipokaribia kuona kitu, maji yakaingia. Hatukuwa na pampu. Wengine waliyaacha maduara yao wazi, yakafukiwa baadaye kwa amri ya kijiji, kila mtu akaona, na kijiji kikaamini yamekwisha yote. La kwetu tulilifunika. Tulilaza magogo ya mikaratusi juu ya mdomo, tukatandika turubai, tukarudishia udongo na kupandikiza majani, tukakubaliana kwamba tutarudi na pampu, na kwamba hakuna atakayeonyesha mtu mahali pale, hata mke. Kwa wachimbaji hilo halihitaji kiapo. Duara lenye kitu halionyeshwi. Mchimbaji akiulizwa kama mahali fulani kuna chochote, anajibu hapana kabla swali halijaisha, na anayemuuliza anajua kwamba hapana hiyo haina maana yoyote.

Pampu haikupatikana. Mimi nikaenda kwenye mbao. Mwenzangu akajenga nyumba pembeni ya kile kiwanja, akaoa, akazeeka, na kila asubuhi akawa anamfunga mbuzi wake mmoja katikati ya majani, kwenye kigingi kile kile. Wanakijiji walimwona ni mtu anayependa mbuzi. Mimi peke yangu nilijua kwamba kigingi kile ndicho alama. Mbuzi wamebadilika mara nyingi, kigingi hakijahama.

Basi nilipoijaza fomu ya halmashauri, kwenye benchi la dirisha la vibali, nikafika kwenye swali linalouliza kama eneo limewahi kuchimbwa. Nikaandika hapana. Mkono uliandika wenyewe. Nilipanga kuliweka jukwaa upande wa barabarani, mbali na mbuzi, kwa hiyo sikuona ubaya. Nikaweka sahihi, nikaenda kupanga foleni nyingine.

Mkaguzi alikuja Ijumaa mchana, siku moja kabla ya uzinduzi. Nilitegemea mwanaume mzito mwenye haraka. Akashuka kwenye pikipiki binti mwembamba mwenye buti za mpira, kofia ngumu kichwani, na mkononi kipande kirefu cha nondo kilichochongwa ncha.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Karibu."

Akaanza kazi, na nikaanza kumchukia. Alizitikisa nguzo moja moja. Alikaza nati kwa vidole kuona kama mafundi wangu walizikaza kwa spana. Alipima kimo cha kila kidato cha ngazi, akaniambia kimoja kimezidi vingine na kina mama wenye sketi ndefu watajikwaa. Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nilimjibu mkato, yeye akaendelea kuniita mzee wangu kwa adabu.

Kisha akatazama juu. Masika ya mwaka huo walikuwa wamepitisha umeme kuelekea vijiji vya mbele, na nyaya zilikatiza karibu na kona ya jukwaa letu. Mimi nilikuwa nimeziona nikajiambia ziko juu.

"Hapa hapafai, mzee wangu. Mtu akiinua nguzo ya spika au bendera, atagusa. Jukwaa lihame."

"Kesho ndiyo shughuli, mama."

"Leo bado mna mchana mzima. Ni jukwaa la kuunganisha, mnaweza. Nitasubiri niandike upya."

Akapiga hatua akihesabu, kutoka kwenye nyaya kuingia ndani ya kiwanja. Nilimfuata nyuma, nami nikihesabu hatua zilizobaki kufika kwenye kigingi. Akasimama karibu na mbuzi. Mbuzi akamtazama, akaendelea kula.

"Hapa," akasema.

Nikamwonyesha kule chini, upande wa mashamba ya mpunga. Akasema huko ni udongo wa mbuga, miguu itazama. Nikamwonyesha upande wa ghala. Akasema ukuta wa ghala una ufa na watu wataegemea. Yote niliyajua. Akachoma nondo yake kandokando ya pale alipotaka, hatua tatu kutoka kwenye kigingi, ikagonga udongo mgumu. Akatoa fomu yangu kwenye mfuko.

"Ukanda huu wote ni wa wachimbaji, ndiyo maana nauliza tena. Hapa hapajawahi kuchimbwa? Umeandika hapana."

Tukatazamana. Nilikuwa na nafasi ya kusema, upana wa pumzi moja. Nikafikiria siku saba za kazi. Nikafikiria Jumatatu ya Mwanza.

"Hapana," nikasema.

Hapana ile ya kwanza, ya kwenye benchi, ninaweza kuisamehe. Ya pili siwezi, kwa sababu ile niliisema huku nikijua ninachokisema.

Mafundi wangu wakafungua jukwaa na kulihamisha kipande kwa kipande. Mbuzi akafunguliwa, akafungwa kwenye mti wa mbali, akalalamika kwa sauti kubwa. Nilisimamia miguu ya jukwaa ili isikae juu ya mdomo wenyewe, nikaitanua pande mbili, nikaweka vipande vya mbao chini yake. Fundi akitaka kujidanganya ana maneno ya kutosha. Nilijiambia mzigo umegawanyika. Nilijiambia udongo umeshashikana miaka yote hii. Lakini nilikuwa nimeyakata mwenyewe yale magogo ya mikaratusi, yakiwa mabichi, bila dawa yoyote. Ningeulizwa na mtu mwingine yeyote kama magogo ya namna hiyo yanadumu ardhini muda wote huo, ningemcheka.

Alasiri dada akaja na wanakwaya wake kufanya mazoezi. Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha pikipiki yake, kivulini, akiandika. Dada alikuwa amefunga kitenge cha kijani shingoni. Hakunisalimia vizuri hata. Alipanda ngazi mikono ikiwa imeshika sketi, akaenda mpaka katikati, akasimama.

"Mdogo wangu!" akaita. "Naiona barabara! Naona mpaka paa la kwangu!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Sijawahi kumwona dada yangu na uso ule, tangu tukiwa wadogo. Akawaita wenzake wapande, wakaanza kupanda kwa mafungu, na yeye akaanza kupiga mguu kuwapa mwendo wa wimbo. Kwaya za huku kwetu haziimbi zikiwa zimesimama. Zinaruka. Wanawake thelathini wanaruka pamoja na kutua pamoja.

Nilikuwa nimechuchumaa upande wa nyuma. Niliuona mguu mmoja wa jukwaa ukishuka. Haukushuka sana, kama upana wa kidole. Kisha majani yaliyokuwa pembeni yake yakaingia ndani taratibu, na udongo ukafuata.

"Dada, shuka!" Sauti iliyotoka sikuitambua. "Shukeni! Shukeni wote, msikimbie!"

Walishuka. Dada alishuka wa mwisho, kama mwalimu, akihesabu watu wake. Mkaguzi alikuwa ameshasimama. Nikamwendea, na ile safari ya hatua ishirini ilikuwa ndefu kuliko kwenda polisi, kata na zimamoto kwa mguu.

"Chini ya pale kuna duara," nikamwambia. "Ni langu. Nimelifunika mwenyewe."

Akachukua nondo, akapita kwa uangalifu, akaichoma pale majani yalipoingia. Nondo ikazama kama kijiko kwenye uji, ikaenda mpaka ngumi yake ikagusa ardhi. Akaichomoa, akarudi nyuma hatua kwa hatua akikanyaga zile zile alizoingia nazo. Akavua kofia ngumu. Ndipo nikaona jinsi alivyo mdogo, umri wa binti yangu wa mwisho.

"Mzee wangu," akasema, "nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara mbili nilikuuliza."

Afadhali angenitukana. Alikwenda kukaa kwenye rundo la mbao, akanywa maji. Mwenzangu wa zamani alikuwa amefika kwa kelele za watu, akaona jukwaa lilipo, akaona mbuzi wake kwenye mti mwingine, akaelewa yote bila kuelezwa.

"Ngosha," akaniambia kwa sauti ya chini, jina tunaloitana wanaume huku kwetu. "Umeitoa siri ya duara letu."

"Mle hamna kitu, ndugu yangu. Kuna maji."

"Wewe unajuaje?"

Alikuwa ameitunza ile ahadi kila asubuhi kwa kamba ya mbuzi, mimi nimeivunja mchana mmoja. Na bado, kama ningeivunja kwenye benchi la dirisha la vibali, tungepata kiwanja kingine na kibali kingine, na muda ungetosha.

Mkaguzi akaandika. Eneo limefungwa. Jukwaa libomolewe kuanzia pembeni. Shimo lifunguliwe na kujazwa kifusi kesho asubuhi mbele ya mtendaji wa kijiji, na waliolificha wawepo tangu mwanzo hadi mwisho na watie sahihi. Kwa kiwanja kipya, maombi mapya. Siku saba za kazi. Alisoma yote kwa sauti, kama anavyotakiwa, na alipofika kwenye siku saba alishusha macho.

Dada alikuwa amesimama karibu, amesikia yote. Nilimngoja anigeukie. Akamgeukia mkaguzi.

"Mwanangu, na kama hakuna jukwaa?"

"Vipi, mama?"

"Tukiimba bila jukwaa. Pale kanisani. Chini."

Mkaguzi akafikiri. "Kibali cha mkusanyiko mnacho. Kama hakuna jukwaa wala turubai, mimi sina cha kukagua."

"Basi tutasimama juani," dada akasema. "Wabeja, asante sana, mwanangu." Akawachukua kina mama wake, wakaondoka kuelekea kanisani, na yeye katikati yao sikumwona tena, kwa ule ufupi wake.

Jumamosi asubuhi lori la kifusi lilifika mapema. Mimi na mwenzangu tuliondoa udongo, tukakuta turubai limekuwa nyuzi na magogo yamekuwa unga. Ukisukuma koleo, linazama. Mwenzangu akaokota jiwe na kulitupa ndani. Tulisimama tukisikiliza. Lilichukua muda, kisha likagonga maji. Mtendaji, aliyekuwa amekaa na muhuri wake chini ya mwavuli, akasema, "Mungu wangu."

Tulijaza. Lori lilikwenda na kurudi, likimwaga, na kila lilipomwaga sisi tulisawazisha. Mwenzangu hakunisemesha mpaka tulipomaliza, lakini nilipochoka alinisogezea dumu la maji kwa mguu. Kanisa liko upande wa pili wa kijiji. Karibu nasi kuna karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nayo haikupumzika siku ile. Kila lori lilipoondoka niliacha koleo, nikageuza sikio. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwao. Nilisikia karasha, nilisikia mbuzi. Mara moja nilidhani nimesikia vigelegele.

Nilikuwa naomba shimo lile lijae haraka. Shimo refu halijai haraka. Tulipotia sahihi, watu walikuwa wameshaanza kurudi barabarani na viti vichwani. Mama mmoja wa kwaya akaniambia, "Umekosa, baba. Umekosa kabisa." Hakusema kwa ubaya. Nilikwenda nyuma ya ghala, nikalia, mtu mzima.

Jumatatu nilimpeleka dada Mwanza. Njiani hakuzungumzia jukwaa wala duara. Alilala begani kwangu karibu safari nzima. Operesheni ilikwenda vizuri, tezi ikatoka, akapona, na leo shingo yake ina kovu moja jembamba analolipaka mafuta kila asubuhi. Sauti haikurudi. Iliyopo ni ya chini na ya mikwaruzo, na akiongea sana inaisha, inabaki pumzi. Kwaya inafundishwa na mwanafunzi wake. Yeye anakaa benchi la mbele, anawaelekeza kwa mikono.

Wimbo wake wa shukrani mtu aliurekodi kwa simu, akautuma kwenye kundi la kijiji. Niliufungua. Unaonekana mgongo wa mwanaume mwenye koti, na unasikika upepo.

Miezi michache baadaye nilikuwa kwake nikimrekebishia mlango wa jikoni uliolegea bawaba. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo.

"Siku ile," akasema kwa sauti yake mpya, "ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Kule kwenye shimo?"

"Nilikusikia vizuri, dada. Ubeti wa mwisho hasa. Ule ulinigusa."

Akaacha kuchambua. Akanitazama, na mdomo wake ukaanza kucheza kama anayezuia kicheko.

"Ubeti wa mwisho sikuuimba," akasema. "Nililia, sauti ikakatika kwenye ubeti wa pili. Tukaishia hapo hapo."

Nilibaki na nyundo mkononi. Nikachukua misumari, nikaibana mdomoni.

"Mdogo wangu, wewe ukiulizwa kitu," akasema, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Ukiulizwa kitu tu, basi."

Kisha akaweka ungo chini. Akainuka, akapanda juu ya kigoda chake, akashika fremu ya mlango niliokuwa nautengeneza ili asianguke. Akawa sawa na mimi kwa kimo. Akaimba ubeti wa mwisho wa wimbo wake wa shukrani, wote, kwa ile sauti iliyobaki. Maneno mengine yalitoka kama pumzi tu, mengine hayakutoka, ila midomo ilikuwa inayatamka. Nilikuwa na misumari mdomoni, na sikuitoa mpaka alipomaliza.